Pamfleti ya fasihi ya Kiingereza, kidato cha tatu na nne: inayouzwa steshenari za Moshi

Kuanzia stendi ya Moshi hadi Soko la Kati, steshenari nyingi zina pamfleti ya aina moja kaunta: jalada la karatasi ngumu ya rangi, kurasa sitini na kitu zilizobanwa pini mbili, hakuna jina la mwandishi wala mwaka. Ndani wamechambua tamthiliya mbili, riwaya mbili na mashairi. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitabu kimoja tu kati ya hivyo, ndiyo maana wiki ya moko, mtihani wa majaribio, pamfleti huisha dukani mapema. Kwa marudio inafaa. Kwa mtu ambaye hajafungua kitabu chenyewe, itamwangusha, tena mahali pale pale penye alama nyingi.

Tuanze na uzuri wake. Muhtasari wa The Lion and the Jewel, tamthiliya ya Wole Soyinka, umefuata sehemu zake tatu, Morning, Noon na Night, na matukio yako kwenye nafasi zake: gazeti lenye picha za Sidi, mrembo wa kijiji; Sadiku, mke mkuu wa chifu Baroka, kupeleka posa ya mumewe kwa Sidi; Baroka kuzusha uongo kwamba nguvu za kiume zimemwisha, Sidi kwenda kumcheka na kurudi ameshindwa. Orodha ya wahusika imekamilika na majina yameandikwa sawasawa. Hilo si dogo, maana "Lakule" na "Sidiku" ni makosa ya kila mwaka kwenye karatasi za majibu.

Shida inaanza kwenye dhamira. Pamfleti inatoa hoja kwa sentensi moja, kisha inaruka kwenda nyingine. Maswali ya insha ya Kiingereza kidato cha nne kwa kawaida humtaka mwanafunzi atumie vitabu viwili na kutoa hoja kutoka kila kimoja, na hoja haina uzito bila tukio. Nani alifanya nini, wapi katika hadithi, na linajibuje swali? Aya ya sentensi nne hadi sita inatosha, lakini pamfleti inakupa sentensi ya kwanza tu. Zilizobaki ziko kwenye kitabu.

Mfano mzuri ni mahari, kwa sababu mwandishi wa pamfleti amebandika sentensi ile ile kwenye tamthiliya zote mbili: kwamba mahari inamkandamiza mwanamke. Kwa Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono Mbia, sawa. Juliette anarudi nyumbani kutoka shule, anakuta mkulima Ndi ameshatoa faranga 100,000, na Mbia mtumishi wa serikali anakuja kutoa 200,000. Hakuna aliyemuuliza anamtaka nani. Anaziiba hizo 300,000, anampa Oko, mpenzi wake, ili zirudi kwa baba yake kama mahari. Tukio hilo moja linabeba hoja nzima.

Sasa hamia Ilujinle, kijiji cha The Lion and the Jewel. Anayedai mahari ni Sidi mwenyewe. Lakunle, mwalimu wa shule, ndiye anayekataa kutoa, akiiita desturi ya kishenzi; Sidi anamjibu kwamba kuolewa bila mahari kutamfanya kijiji kimwone hana thamani, au kwamba hakuwa bikira. Mwishoni, Sidi akisharudi kutoka kwa Baroka, Lakunle anasema bado atamwoa, na sasa mahari haina haja kwa kuwa bikira imeshatoka. Msomi wetu huyo! Kwa hiyo ukiandika kwamba mahari inamkandamiza Sidi, mtahini aliyesoma kitabu atajua kwamba wewe hukukisoma. Jibu lenye nguvu linaweka tamthiliya hizi mbili zikitazamana: Juliette anauzwa kwa mahari, Sidi anaitumia kulinda heshima yake.

Kosa hilo hilo liko kwenye "mila dhidi ya usasa". Pamfleti imemweka Baroka upande wa mila na Lakunle upande wa usasa, basi. Ni kweli Lakunle anasimulia jinsi Baroka alivyomhonga mpimaji ili reli ipite mbali na kijiji. Lakini Baroka huyo huyo ana mashine ya kutengenezea stempu, na anaitumia kumnasa Sidi kwa kumwahidi kwamba sura yake itakuwa kwenye stempu. Baroka anachagua usasa unaomfaa. Lakunle ana maneno ya vitabuni tu. Hapa ndipo kuna alama, na pamfleti imepita mbio.

Upande wa riwaya, Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o (1964) imeharibiwa na jambo moja kubwa: imeandikwa kwamba Njoroge, mhusika mkuu, aliacha shule kwa umaskini. Si hivyo. Polisi wanamfuata shuleni kwake Siriana baada ya Jacobo, tajiri anayeshirikiana na wakoloni, kuuawa; anapelekwa kituo cha homugadi, askari mgambo wa wakoloni, na kuteswa. Aliyemuua Jacobo ni Boro, kaka yake Njoroge. Ngotho, baba yao, anajitwika kosa lisilo lake ili kumwokoa Kamau, mwanawe mwingine. Anayeshika "umaskini" atajibu vibaya swali la elimu, la ukoloni na la familia kwa mpigo. Makosa ya namna hii huzaliwa kwa kunakili: notisi za darasani zinachapwa, chapisho linapigwa kopi, mwingine anachapa upya kutoka kopi iliyofifia, na hakuna anayerudi kwenye kitabu.

Mashairi yamechambuliwa kwa fomula. Hata shairi huru limepewa mpangilio wa vina. Kulihakiki ni rahisi: soma neno la mwisho la kila mstari kwa sauti, kama hayafanani, futa sentensi hiyo kwa kalamu.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu kimoja unachokijua vizuri na soma kurasa mbili za uchambuzi wake hapo hapo kaunta. Tafuta matukio yaliyotajwa kwa mhusika na mahali. Kama dhamira tano zina tukio moja kati yake, iache. Angalia pia kurasa za katikati: kopi za mashine iliyochoka huwa na mistari iliyoliwa ukingoni, na mara nyingine kurasa mbili zimerukwa pale pini zilipo. Tangu 2024 mtaala ulioboreshwa unaingia kwa awamu, kwa hiyo linganisha vitabu vilivyomo na orodha ya mwalimu wako. Pamfleti za zamani bado ziko rafuni.

Ukiinunua, itumie kinyumenyume. Soma tamthiliya kwanza, sehemu moja kwa mkao mmoja. The Lion and the Jewel haifiki hata kurasa mia. Kila sehemu ikiisha, andika nani anataka nini na kipi kimebadilika. Halafu fungua pamfleti, na pembeni ya kila hoja andika tukio lake. Usiandike namba ya ukurasa, kwa kuwa matoleo yanatofautiana. Andika "Noon" au sura ya ngapi. Hoja isiyopata tukio, ikate. Pamfleti ya kurasa sitini itabaki na kumi na tano hivi za maana, na hizo ndizo za kubeba usiku wa kuamkia mtihani.

Wanaotumiana faili la PDF kwenye simu wajue ni maandishi yale yale, na umaskini wa Njoroge umo. Kulichapisha kwa shilingi 100 kwa ukurasa kunafika 6,000, bila jalada.