Tahadhari: kamera niliyojaribu Kariakoo siyo niliyofungiwa

Jamani, naandika hii mikono bado inatetemeka. Laki saba na nusu yangu imekwenda, na sikuporwa njiani wala sikuchomolewa kwenye daladala. Nimeitoa mwenyewe, nikaihesabu mara mbili mbele ya kijana aliyeniuzia kamera, halafu nikamwambia Mungu akubariki kaka yangu. Kila nikilikumbuka lile neno napata joto usoni.

Simu yangu haifai kwa picha za mbali. Na mama nimemwahidi siku nyingi kumpeleka Hifadhi ya Mikumi akaone tembo. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia nilikurupuka. Nilisoma karibu mwezi mzima. Nilitaka kamera ndogo ya kuingia kwenye pochi lakini yenye zumu ndefu, kwa sababu mle hifadhini gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama. Akiwa mbali, yuko mbali, na simu ukiivuta inakupa ukungu mtupu. Nikaishia kwenye Canon PowerShot SX740 HS. Ilitoka 2018, megapikseli 20.3, lenzi yenyewe inavuta mara 40, kioo cha nyuma kinapinduka juu ukitaka kujipiga, na uzito wake haufiki gramu 300 pamoja na betri na kadi. Mpya sikuiweza. Nikasema nitafute iliyotumika, bora iwe safi.

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, safari ni kesho yake alfajiri. Najua, ningeenda mapema. Mshahara ulichelewa, ningefanyaje?

Fremu yenyewe, kile chumba cha duka pale Kariakoo, inapendeza. Vioo safi, feni, kamera zimepangwa kwa ukubwa. Nikamtajia yule kijana namba ya kamera, hakuuliza mara mbili. Akainama, akatoa boksi, akaifungua mbele yangu. "Hii imetoka Dubai, dada yangu, mwenyewe aliitumia likizo moja tu." Akaiweka mkononi mwangu. Nzito kidogo, ya chuma chuma, siyo plastiki tupu.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonimaliza. "Unakwenda kupiga nini?"

Nikamwambia wanyama, na mama yangu.

Akasema, "Basi ukiwa garini usikae kwenye Auto. Geuza hili gurudumu la juu uweke Tv, kisha chagua kasi ya 1/1000 ya sekunde. Hapo hata ndege akiruka hapati ukungu. Mama akikaa dirishani na mwanga ukawa nyuma yake, nenda hapa kwenye alama ya plasi na minasi, ongeza plasi moja, uso wake utaonekana. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, usiipandishe hovyo, sensa inayonasa picha kwenye hizi kamera ndogo ni ndogo, ukifika 1600 picha inajaa chenga."

Niambieni nyinyi, tapeli gani anakufundisha hivyo? Mimi nilikuwa nimeyasoma yote hayo usiku, na kila alichosema kilikuwa kweli. Gurudumu kweli lina Tv ya kuchagua kasi na Av ya kuchagua uwazi wa lenzi. Sensa kweli ni ndogo. Wauzaji wengine wa mtaa ule niliowauliza walikuwa wananiambia "hii ni 4K dada, hii kali" basi. Huyu alikuwa anaongea kama mwalimu. Nikajisemea, mtu anayejua kazi yake hivi hana haja ya kuiba.

Nikaenda nayo mpaka mlangoni kuijaribu. Nikabana zumu. Lenzi ikatoka nje hatua kwa hatua na ule mlio mdogo wa mota. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bajaji, nikasoma namba zake zote. Nikapandisha kwenye ghorofa, nikaona pegi za nguo kwenye kamba. Pegi, jamani, ghorofa ya nne au ya tano! Yule kijana akanifuata, akanionyesha kitufe kimoja cha zumu: ukiwa umevuta sana na mnyama akakupotea, ukikibana kamera inarudi nyuma yenyewe umtafute, ukikiachia inavuta tena pale pale. Akapandisha flashi, akaishusha. Nilijaribu kila kitu. Narudia, nilijaribu kila kitu, na kilifanya kazi.

Nikatoa hela. Akazihesabu, akasema, "Nipe niifute lenzi nikufungie vizuri."

Nikampa.

Wakati ule ule mwenzake wa upande wa pili akaniita. "Dada, memori kadi unayo? Hii ya GB 128 nakuachia elfu ishirini kwa sababu umenunua kwetu." Nikageuka. Tukabishana bei, nikamwambia kumi na tano, akacheka, akakubali. Haikufika dakika mbili. Nilipogeuka tena, boksi liko juu ya kaunta limezungushiwa nailoni na stika ya rangi ya fedha imebandikwa pale linapofungukia.

Na maagizo juu. Kwamba betri imekaa muda mrefu bila kutumika, kwa hiyo nisiiwashe kabisa mpaka niichaji masaa nane, nikiiwasha kabla betri inakufa. Kwamba stika ndiyo garanti, nisiitoe pale dukani. Kwamba kamera iko ndani ya kipochi chake, nisiitoe, nifungue zipu kidogo tu nichomeke waya, vumbi la Dar linaharibu lenzi. Mimi nikaitikia kila neno. Ndiyo kaka. Sawa kaka. Ahsante kaka.

Nyumbani nikafanya kama alivyoniagiza. Zipu kidogo, waya, kitaa chekundu kikawaka. Nikalala kwa amani.

Asubuhi tukapanda SGR mpaka Morogoro. Nilijizuia humo ndani ya treni. Nilitaka picha ya kwanza kabisa ya ile kamera iwe mama na tembo. Mama amepita Mikumi kwa basi mara ngapi akienda Iringa, barabara si inakata katikati ya hifadhi, na kila mara anasimuliwa na abiria wenzake kwamba tembo walikuwepo, yeye alikuwa amelala au amekaa upande usio wao.

Tulipoingia bonde la Mkata dereva akapunguza mwendo, akazima gari. Kundi lile pale, wakubwa na watoto, mbali kiasi. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, ndio hawa?" Akanishika mkono.

Nikafungua zipu. Nikatoa. Hapo hapo mkono ukaniambia, maana ilikuwa nyepesi. Nikawasha, ikapiga kamuziki ka kitoto. Nikabana zumu. Lenzi haikutoka. Kioo kikaandika 16X na yule tembo akageuka vipande vya rangi, miraba miraba, huoni sikio wala mkonga. Nikasema labda niko Auto, nigeuze gurudumu. Gurudumu lipo, limeandikwa Tv, Av, P, M, yote. Haligeuki. Ni plastiki moja na bodi, limechongwa hapo liwe pambo. Kile kitufe cha kumtafuta mnyama hakipo. Flashi ya kupanda na kushuka hakuna, ni kitaa cheupe kama cha tochi ya simu. Jina la kampuni ni stika, nikaigusa kwa ukucha ikanyanyuka pembeni.

Mama akaniuliza, "Umewapata?"

Nikamwambia nimewapata.

Niliendelea kubana kile kitufe mpaka tembo wakaingia vichakani, ili asijue. Na kadi yenyewe ya GB 128, picha za mwanzo zinafunguka, zilizofuata zote zina nusu ya kijivu.

Jirani yangu anayepiga picha za harusi ameifungua juzi. Betri ni bapa kama ya kitochi. Ile "48 megapikseli" iliyoandikwa mbele ni uongo wa programu: inapiga picha ndogo, halafu inaitanua mpaka ifike idadi hiyo, unapata faili kubwa lisilo na kitu ndani. Kwenye menyu kuna ISO 100, 200 na 400, na ukibadilisha hakuna kinachobadilika. Alinihurumia, lakini niliona alivyoniangalia.

Jumatatu nilikwenda pale nikiwa wa kwanza. Yule kijana hayupo. Mwenye fremu ananiambia huyo alikuwa amepangishwa meza tu, analipa kwa siku, jina lake halisi halijui. Yule wa memori kadi yupo! Anakana kwamba ananijua. Nikatoa risiti, akasema hiyo siyo risiti yao, na stika nimeshaitoa kwa hiyo hata garanti hakuna. Nilipaza sauti mpaka watu wakajaa mlangoni. Mama mmoja muuza vitenge akanivuta pembeni akaniambia mimi ni wa tatu kuja kulia pale.

Wa tatu! Na wanaendelea kukaa pale, feni inawapepea. Hawa watu wanastahili jela, tena siyo ya wiki moja halafu faini ndogo wanarudi kazini. Wanyang'anywe kila kilichomo kwenye ile fremu kiuzwe tulipwe. Na huyo mwenye fremu anayepokea kodi ya siku bila kujua jina la mtu naye aingizwe humo humo, maana bila meza yake wale wasingepata pa kusimama. Kijana mwenye akili ile, anayejua kasi na uwazi wa lenzi kuliko wapiga picha wengi mjini, ameamua elimu yake iwe ya kuwanyang'anya watu. Simsamehi. Anayeniambia nimwachie Mungu, nimemwachia, na polisi pia nimeenda, RB, namba ya taarifa yangu polisi, ninayo.

Mtauliza mtajuaje kamera bandia. Nawaambia niliyoyajua baada ya hela kwenda. Kwanza zile namba za mm, yaani urefu wa lenzi, zilizochapwa kuzunguka kioo chake. Ile ya kweli ina namba mbili, 4.3-172.0mm. Gawa kubwa kwa ndogo, unapata 40, ndiyo zumu yake. Kamera yoyote yenye lenzi inayovuta ina namba mbili. Yangu ina moja tu. Lenzi yenye namba moja haivuti, hiyo "zumu" ni kukata picha na kuikuza. Betri ya hii kamera inaitwa NB-13L, fungua mlango wa chini uisome. Namba ya utambulisho ya kamera (serial number) ilingane na ya boksi. Ukiwa na picha tayari, angalia taarifa zake kwenye simu au kompyuta, sehemu ya urefu wa lenzi: ukivuta lazima ibadilike. Zangu zote za Mikumi zina namba ile ile.

Na masaa nane ni uongo. Betri za lithiamu hazihitaji hivyo, alitaka tu nifike mbali kabla sijawasha. Sikulijua hilo, na nilikuwa nimesoma mwezi mzima kuhusu lenzi na ISO, betri sikuisoma.

Risiti niliyopewa ni ya kuandika kwa mkono, haina TIN (namba ya mlipakodi), mhuri hausomeki. Nilipoomba ya mashine akasema mtandao wa EFD, zile mashine za risiti za kodi, uko chini. Nikakubali kwa sababu muda ulikuwa unakwenda. Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka na hela yangu.

Kikubwa ni mikono. Ukishaijaribu, ukaridhika, usimrudishie. Hata kuifuta futa mwenyewe kwa khanga yako. Iingize kwenye pochi, boksi abaki nalo akitaka. Na akitokea mtu wa pembeni anakuita wakati kamera iko kwa mwenzake, usigeuke, hata kama anaita jina lako.

Mama anauliza kila siku picha zitasafishwa lini. Anataka kubwa ya kuweka ukutani, ya wale wenye watoto. Sijamwambia.

Alhamisi narudi polisi, na nikitoka hapo naenda FCC, Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Nikienda peke yangu nitaonekana mwanamke mmoja aliyegombana na muuzaji. Yule mama wa vitenge amesema tuko watatu. Kama na wewe una risiti ya kitabu chenye karatasi ya bluu, imeandikwa "kamera used" bila namba ya kamera, niandikie leo. Njoo na boksi na ile stika ya rangi ya fedha, hata kama imechanika.