Nimelipia mwaka mzima, nikatolewa kwa swali moja

Nasema mapema: kama wewe ni mtu wa kuuliza maswali, pesa yako iache mfukoni.

Mwanzoni mwa mwaka nilijiunga na huduma ya kusoma Biblia kwa mfuatano wa matukio. Kila alfajiri mwalimu anatuma kwenye grupu la WhatsApp sura za siku pamoja na maelezo. Miezi ya kwanza niliisifia kanisa zima. Siku ya Daudi na mke wa Uria, tulipomaliza tu 2 Samweli 12 tukapelekwa Zaburi 51. Zaburi hiyo naijua tangu utoto, lakini kuisoma nabii Nathani, aliyemkemea Daudi, akiwa ndiyo kwanza ametoka mlangoni! Maelezo yakaonyesha kwamba hisopo, ule mmea anaoutaja Daudi, ndiyo iliyopaka damu milangoni katika Kutoka 12, ndiyo pia iliyomtakasa mwenye ukoma katika Walawi 14. Mfalme anaomba kutakaswa kama mkoma. Chai ilinipolea mkononi.

Ndiyo maana yaliyofuata yameniuma hivi.

Kwa Hezekia, mfalme wa Yuda, ratiba ilitanguliza malaika kuwaua Waashuri 185,000 waliokuja kuiteka Yerusalemu, kesho yake ndipo mfalme akaugua. Nikaona haikai. 2 Wafalme 18 inasema Hezekia alitawala miaka 29, na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikuja mwaka wake wa 14. Alipougua aliongezewa miaka 15. Toa 15 kwenye 29, unabaki na 14: mwaka uleule! Tena Isaya 38:6, kwenye ahadi hiyohiyo ya kupona, Mungu anasema atauokoa mji na mkono wa mfalme wa Ashuru. Aahidi kuuokoa mji aliokwisha kuuokoa?

Nikaandika kwa adabu zote: “Bwana asifiwe mtumishi, naomba kueleweshwa hapa.” Tiki mbili za buluu. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha: “Mama, soma ulichopewa. Wenzako mbona hawaulizi?”

Nikamjibu kwamba watu wa Beroya katika Matendo 17 walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko. Jioni nikakuta nimetolewa. Nampigia, hapokei. Pesa haijarudi mpaka leo. Mtu mzima, bibi wa wajukuu, natolewa kama mtoto mkorofi mbele ya wanakwaya niliowaingiza mwenyewe! Huduma inajiita ya mfuatano, ukiuliza mfuatano unafukuzwa. Hapana, msijiunge.

Ila nisiseme uongo. Mwenzangu mmoja wa kwaya bado yumo, hunitumia maelezo kimyakimya, na yale ya Yeremia yamenisaidia mno. Sura ya 32 ni mfalme Sedekia yuko kwenye kiti na mji umezingirwa, halafu sura ya 36 unamkuta Yehoyakimu, aliyetawala kabla yake, anakata gombo kwa kisu na kulitupa motoni. Miaka yote nilikuwa napotelea hapo. Safari hii sikupotea, na sifa hiyo ni ya mwalimu yuleyule, nitake nisitake.

Basi maelezo ni mazuri, tena mazuri sana. Grupuni sirudi mpaka aniombe radhi, na mpaka atoe jibu la lile swali la Hezekia. Kesho ni Ezra 5 pamoja na Hagai na Zekaria. Nimeshamkumbusha mwenzangu anitumie kabla hajapanda daladala.