Bima ya moto ya duka Kariakoo: mali inalipa, muda hailipi

Hii ni tathmini yangu ya bima ya moto na majanga mengine, ile ya duka, ambayo makampuni mengi yanatuuzia sisi wa Kariakoo kwa masharti yanayofanana. Ninayo kwa miaka kadhaa. Nimeilipia, nimeidai, na imenilipa. Kampuni siitaji, kwa sababu majirani walio kwenye kampuni nyingine wana karatasi zenye vifungu vilevile, na ninachotaka kusema kinahusu bidhaa yenyewe.

Kwa mwenye haraka: ikate. Ila usiichukue kama inavyoletwa na wakala, kwa maana jinsi inavyoletwa inalipa mali iliyoharibika na haigusi kabisa muda utakaokaa umefunga duka. Na kwa biashara za huku kwetu, muda ndio unaomaliza watu.

Nianze na bei, maana wengi wanaikimbia wakidhani ni ya matajiri. Nauza mashuka na mapazia, jumla na rejareja, mtaa wa Sikukuu. Mzigo niliouandikisha mwanzo ulikuwa wa shilingi milioni 60. Ada ilikuwa asilimia 0.35, yaani 210,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 247,800 kwa mwaka mzima. Hiyo ni chini ya 700 kwa siku. Kuna watu mtaani kwetu wanamlipa mlinzi wa usiku zaidi ya hapo kwa wiki mbili, halafu wanasema bima ni ghali. Kwa bei, bidhaa hii haina mpinzani. Uhakikishe tu umelipa na una risiti kabla ya kuhesabu kwamba umekingwa, kwa sababu kwa sheria yetu ya bima ada isiyolipwa ni sawa na kutokuwa na bima. Ahadi ya "nitakumalizia Ijumaa" haina maana siku ya moto.

Sasa dai lenyewe. Moto haukuanzia kwangu. Shoti ya umeme ilitokea kwenye stoo ya ghorofa ya juu, usiku, na jirani akapiga 114. Zimamoto walifanya kazi yao vizuri na moto haukushuka ngazi. Kilichoshuka ni maji na moshi. Maji yalipita kwenye tundu la kupitishia nyaya na kuangukia rafu za mapazia, na moshi ukajaa kila mahali, hata ndani ya marobota ambayo hayajafunguliwa.

Hapo nilipata wasiwasi, kwa sababu bima inaitwa ya moto na kwangu hakuna kitu kilichoungua. Kwenye hili bidhaa ilinifurahisha: maji ya kuzimia moto na moshi wake vinahesabika kuwa hasara ya moto. Kampuni walimtuma mtathmini wa hasara, kijana mtaratibu, na nilisimama naye muda wote akifanya kazi. Hakuangalia tu kwa macho. Alikata kamba ya robota moja katikati ya rundo, akachomoa shuka jeupe lililokuwa bado kwenye nailoni, akalinusa, akapitisha kitambaa chake cheupe kwenye pindo. Kitambaa kilitoka na mstari wa kijivu. Akaandika. Akachomoa lingine la chini kabisa, akarudia vilevile. Nilimuuliza kama mashuka hayo hayawezi kufuliwa yakauzwa. Akasema yanaweza kuuzwa kama mabaki, na bei ya mabaki ataitoa kwenye hesabu yangu. Hakunificha.

Hesabu ikawa hivi. Hasara milioni 18. Mabaki, ambayo niliruhusiwa kubaki nayo, yakathaminiwa milioni 2.4, ikabaki milioni 15.6. Kuna sehemu ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe katika kila hasara, na kwenye karatasi yangu ni asilimia 10, yaani milioni 1.56. Nikalipwa 14,040,000. Kila tarakimu niliionyeshwa ilikotoka, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni wa kalenda. Kuanzia usiku ule mpaka fedha ziingie benki ilipita zaidi ya miezi miwili. Kulikuwa na kungoja taarifa ya polisi, kungoja ripoti ya Zimamoto, kungoja mtathmini aandike, kungoja ofisi ipitishe, na barua moja ya kuuliza kitu nilichokwisha kukijibu. Miezi hiyo kodi ya fremu ilikuwa inasoma, milioni 1.2 kwa mwezi. Vijana wangu wawili nisingeweza kuwafukuza, wana watoto. Marejesho ya kikoba hayajui moto. Wateja wangu wa jumla kutoka Morogoro, Lindi na Comoro wakija wakakuta pamefungwa hawakusubiri mlangoni, walikwenda kwa mwingine, na mwingine naye anajua kukarimu mteja. Kati ya hayo yote, bima haikunilipa hata shilingi moja, na ilikuwa sahihi kutolipa, kwa kuwa ninachokatiwa kimeandikwa "mali". Bima ya hasara ya kusimama kwa biashara ipo, inaongezwa juu ya ile ya moto kwa ada ndogo. Hakuna aliyewahi kunitajia. Wakala wangu alikuja dukani kila mwaka kuhuisha, akanywa soda, akachukua fomu, na neno hilo halikutoka mdomoni mwake. Hili ndilo kosa kubwa la huduma hii.

Na sisi wa Kariakoo tungepaswa kuwa wa mwisho duniani kusahau gharama ya muda. Soko kuu letu, lile jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Serikali ilitenga takriban bilioni 28 za kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake. Hizo ndizo fedha zilizotajwa sana, na ni fedha nyingi. Lakini wafanyabiashara wa mle ndani walikaa nje ya soko lao zaidi ya miaka mitatu. Waulize walikopelekwa, Machinga Complex, Kisutu na kwingineko, walikuwa wanauza kiasi gani ukilinganisha na walichokuwa wanauza ndani ya shimo la Kariakoo. Hesabu hiyo haimo kwenye bilioni 28, na imelipwa na familia moja moja kutoka mfukoni.

Si sisi peke yetu. Bandari ya Beirut ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020, Benki ya Dunia na wenzake walikadiria mali iliyoharibika kuwa kati ya dola bilioni 3.8 na 4.6. Kisha wakakadiria peke yake hasara ya shughuli zilizosimama: kati ya bilioni 2.9 na 3.5. Tazama jinsi tarakimu hizo mbili zinavyokaribiana. Biashara kusimama kulikaribia kugharimu sawa na majengo yaliyobomoka. Na wenye bima kule wengi walikaa wakingoja, kwa sababu makampuni yalitaka kwanza ijulikane rasmi mlipuko ulisababishwa na nini, ajali au shambulio, ndipo yalipe. Mwenye duka lililopasuka vioo Beirut alikuwa na karatasi halali mkononi na hana cha kununulia mzigo.

Jambo lingine nalopenda wenzangu walifahamu kabla ya kusaini ni orodha ya majanga. Neno "majanga mengine" linatupa amani tusiyoistahili. Fungua ukurasa wa ndani, soma yaliyotajwa. Kwangu kulikuwa na radi, mlipuko, mafuriko, dhoruba, gari kugonga jengo. Vurugu na uporaji vilihitaji kuongezwa. Jengo kuanguka lenyewe halikuwemo. Na tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lilianguka hapa hapa, Mchikichi na Congo, watu wakiwa dukani na mzigo uko chini kwenye handaki. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mungu awarehemu. Siku zile sote tulikuwa tunasikiliza vifusi na kupeleka maji kwa waokoaji, hakuna aliyefikiria karatasi. Lakini baadaye waliobaki hai walilazimika kuzifikiria, na hata wale ambao majengo yao hayakuguswa, kwa sababu eneo lilifungwa na hawakuweza kufika kwenye makufuli yao. Mali yao nzima, duka lao zima, na hawauzi. Hilo nalo lina kifungu chake, cha kuzuiwa kufika kwenye biashara, nacho lazima ukiombe.

Usidanganyike pia na bima ya mwenye nyumba. Tangu mwaka 2022 sheria inataka majengo ya biashara na masoko ya umma yawe na bima, na mwenye nyumba wangu anayo, kaibandika ukutani. Ile inakinga kuta zake. Mashuka yangu haiyajui.

Halafu kuna kifungu cha uwiano, ambacho kimemliza jirani yangu wa vitenge. Yeye alikuwa na mzigo wa milioni 90, akaandikisha wa milioni 30 ili ada iwe ndogo. Moto ule ule ukamharibia vitenge vya milioni 24. Alijua atalipwa zote 24, maana ziko ndani ya 30. Wakamwambia: umekinga theluthi moja ya mali, tunakulipa theluthi moja ya hasara. Milioni 8, na bado hawajatoa ile asilimia 10. Mama wa watu alikaa kwenye ngazi pale nje na barua mkononi, anaisoma na kuirudia. Kifungu hicho kimo katika karatasi ya kila mmoja wetu, kwa herufi ndogo, na wakala anayekuruhusu kuandika mzigo pungufu ili tu asikose ada amekuuza. Mzigo wako ukipanda kuelekea Ramadhani au Desemba, wajulishe waongeze. Mimi huwaandikia, na kuongezewa hakujawahi kuchukua zaidi ya siku moja. Hapo niwapongeze.

Kuhusu vielelezo, kilichorahisisha dai langu ni kwamba risiti za EFD, ankara za mzigo wa Guangzhou na daftari la stoo vilikuwa vimepigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu ya binti yangu, Mbagala. Karatasi zinazolala dukani zinaungua na duka. Wenye mkopo wa benki wafahamu pia kwamba, kama benki imetajwa kwenye bima, fidia inapita kwao kwanza, na kitakachobaki ndicho chako. Anayetaka kukwepa riba akaulize takafuli, yaani bima ya misingi ya Kiislamu, ipo nchini sasa, ila sijaitumia, siwezi kuisemea. Ukikwama na kampuni, kuna TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jirani yangu kapeleka barua yake huko.

Nyota natoa tatu kati ya tano. Nne kwa malipo ya haki na bei, mbili kwa kasi na kwa kutueleza.

Safari hii nimehuisha hivi: mzigo milioni 80 kwa asilimia ile ile, 280,000. Hasara ya biashara kusimama, milioni 18 za miezi mitatu, kodi na mishahara ikiwa ndani, 90,000. Kuzuiwa kufika dukani wameweka bila nyongeza baada ya kubishana nao. Pamoja na VAT nimelipa 436,600. Nimeomba pia kifungu cha malipo ya awali, kwamba mtathmini akishathibitisha hasara ipo, wanipe sehemu ndani ya wiki mbili ninunue mzigo wakati wanaendelea kuandikiana barua. Dawati la madai wanasema inawezekana, ofisi ya juu inasema si kawaida yao. Nimewaandikia rasmi, nakala nimeigonga muhuri wa mapokezi, na ukifika muda wa kuhuisha tena kampuni itakayokubali kifungu hicho ndiyo nitakayokwenda nayo.