Hema, turubai au kukodi? Mwongozo wa kununua malazi ya kambi kwa familia ya Malindi

Mahema mengi ya bei nafuu yametengenezwa kwa watu wanaojikinga na baridi. Malindi adui ni mwingine: joto la usiku, mbu, mchanga na chumvi ya bahari. Ndiyo maana hema siyo nambari moja hapa. Tumepanga orodha kwa familia ya watu watano inayotoka likizo za shule tu, kwa kipimo kimoja: gawanya bei kwa idadi ya mara utakazolala humo kabla kitu hakijaharibika. Tuseme umenunua hema la shilingi 8,000, na zipu ikakatika baada ya kulala mara nne. Kila usiku umekugharimu 2,000, na mbu wameingia vilevile.

1. Turubai pamoja na neti zenye dawa

Kwa Agosti na Desemba, ufuoni au shambani kwa jamaa, hakuna kinachoshinda hivi viwili kwa pesa. Hewa inapita, watoto hawaamki wamelowa jasho, na turubai lina kazi nyumbani mwaka mzima.

Chukua la mita 4 kwa 6. Usidanganywe na rangi, uliza uzito: chini ya gramu 100 kwa mita ya mraba litachanika kusi likivuma, gramu 150 hadi 200 ndizo za kununua. Kagua pete za pembezoni. Pete zikiwa zimebanwa kwenye tabaka moja tu la plastiki, zitang'oka upepo wa kwanza. Hilo lina dawa: weka kijiwe laini ndani ya turubai, likunje kukizunguka, kisha funga kamba shingoni. Hapo hapang'oki.

Kamba nunua mita 35: 10 za kupita juu katikati, zilizobaki ukate vipande vya mita 3 vya kuvutia pembeni. Ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo ikazwe tena kabla ya kulala. Ya katani hufanya kinyume, hujikaza na kuvuta pete.

Funga kamba ya juu baina ya mivinje miwili, kimo cha mita 1.8, turubai literemke mita 3 kila upande. Upande wa upepo ushuke hadi chini, ule mwingine uuinue kama mita moja. Agosti upepo ni wa kusi, basi upande wa chini uelekee kusini. Desemba ni kaskazi, ugeuze uelekee kaskazini-mashariki. Kukosea upande wa upepo ndiko kunakogeuza turubai kuwa tanga. Chini ya mnazi usifunge, hata kama kivuli chake kinavutia.

Vigingi vya chuma havishiki mchanga mkavu. Jaza mchanga foronya kuukuu, funga shingo kwa kamba, izike sentimita 40, ukanyage juu. Nane zinatosha.

Neti ziwe mbili kubwa za pembe nne, siyo za duara, kwa sababu za duara hubana miguu na mbu huuma kupitia neti iliyogusa ngozi. Pindo liingie chini ya godoro au mkeka pande zote. Neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kulalia. Hata ukiifua, ianike kivulini. Jua huua dawa. Ikitunzwa hivyo, hutarajiwa kudumu kama miaka 3.

Turubai lina mahali pasipolifaa. Mida Creek, penye mikoko, usubi hupenya matundu ya neti ya kawaida. Tsavo Mashariki, ukiingilia lango la Sala, kuna simba na fisi, na Arabuko-Sokoke kuna ndovu. Kwenye mbuga na msituni lala ndani ya hema lililofungwa, katika kambi iliyoruhusiwa, chakula kikae ndani ya gari.

2. Hema la mtumba la tabaka mbili

Hili ndilo hema la kununua kama lazima ununue hema. Maana ya tabaka mbili ni chumba cha ndani chenye wavu mwingi, na shuka la mvua linalofunika juu bila kukigusa. Ukitoa shuka la juu usiku mkavu, unabaki na neti yenye sakafu. Mvua ikija, mvuke wa pumzi hugandia shuka la nje, haukudondokei.

Kwenye soko la Kongowea, Mombasa, na mitumba kwingine, usikubali kuuziwa likiwa ndani ya mfuko. Lifungue lote, hata muuzaji akinuna. Kwanza linuse. Harufu kali ya uchachu, au upande wa ndani wa shuka unaonata vidoleni, maana yake utando wa kuzuia maji umeoza kwa unyevu na joto. Hakuna cha kutengeneza hapo, liache hata kwa bei ya chapati. Kisha:

– Simamisha kabisa. Ufito mmoja ukikosekana, bei ishuke sana au uondoke. Fito za faiba hupasuka kwenye maungio. Mpasuko mdogo huvishwa kipande cha bomba la chuma cha sentimita 15 na kufungwa kwa utepe.
– Vuta kila zipu mara kumi. Ikiachia nyuma, mara nyingi ubovu ni wa kichwa chake kilicholegea: kibane kidogo kwa koleo, pande zote mbili sawasawa. Meno yakiwa yamekatika, acha.
– Inua wavu juani uone matundu. Madogo yanashonwa.
– Tazama utepe uliogandishwa ndani ya mishono. Ukibanduka unaweza kupaka gundi ya mishono, ila ni kazi ya mchana mzima.
– Mimina kikombe cha maji juu ya shuka, ungoje dakika tano.

Kama lebo ipo, tafuta kiwango cha kuzuia maji. Milimita 1,500 zinavumilia manyunyu. Kwa masika ya Aprili na Mei tafuta 3,000. Turubai la kutandika chini lisichomoze nje ya sakafu ya hema, maana litakinga maji ya mvua na kuyapeleka mlipolala.

Ukirudi kutoka baharini, osha zipu na fito kwa maji yasiyo na chumvi, zipake zipu nta ya mshumaa, likauke kabisa kabla ya kukunjwa. Hema lililokunjwa likiwa bichi Malindi halihitaji hata mwezi kuota ukungu.

3. Kukodi

Kunafaa kwa safari moja ya Tsavo ambayo huna uhakika kama itarudiwa. Lisimamishe kabla ya kulipa, hesabu vigingi, piga picha kila mchaniko, na amana iandikwe. Ukikodi zaidi ya mara tatu kwa mwaka, fikiria tena nambari mbili.

4. Hema jipya la bei ndogo, tabaka moja

Ndilo linalonunuliwa zaidi, na tumeliweka hapa makusudi. "Watu wanne" kwenye boksi ni watu wanne waliopangwa kama dagaa, bila begi hata moja. Watano wanahitaji lililoandikwa sita au nane. Tabaka moja hukusanya mvuke ndani, asubuhi mashuka yamelowa nanyi mnadhani linavuja. Ikiwa tayari umelinunua, badili vigingi, acha madirisha wazi hadi mvua ije, na usiliache limesimama juani mchana kutwa. Jua la huku hula nailoni upesi kuliko matumizi.

5. Hema kubwa la kanvasi

Zuri, la kudumu, lakini ni zito na hukauka polepole, na unyevu wa pwani huliletea ukungu. Linunue ukiwa na pikapu na ghala kavu.

Kabla ya kufunga pochi

Jerikeni mbili za lita 20 zitakuokolea pesa nyingi kuliko punguzo la hema. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu ya hifadhi na fukwe za hifadhi, basi katoni ya chupa za maji ni hasara na usumbufu langoni. Watu watano hunywa lita 15 hivi kwa siku wakati wa joto. Kupika na kuosha ni juu ya hapo. Ada za mbuga lipia eCitizen, tovuti ya serikali, kabla ya kuondoka. Ufuoni, kabla ya kufunga lolote, tafuta mstari wa mwani ulioachwa na bamvua (maji makuu) lililopita, na ukae upande wake wa nchi kavu. Ukiwa Watamu msimu wa kasa kutaga, zima taa zinazoelekea baharini.