TAHADHARI: Muuza spea Kariakoo, anakufundisha kutambua oili feki halafu anakuuzia hiyohiyo

Wakuu, leo siku ya tatu napanda daladala. Pikipiki iko kwa fundi inasubiri pleti za klachi, na fundi mwenyewe ni yuleyule. Ndiyo, yule niliyegombana naye kwa sakata la kabureta, nikaapa mbele yenu hapa jukwaani kwamba hatogusa tena Boxer yangu. Chekeni tu.

Mnajua baada ya pale nilinunua spana zangu, beseni na faneli, nikawa namwaga oili mwenyewe kila kilomita 2,000, na oili nanunua sheli. Jumamosi iliyopita nikajitia mjanja wa kuokoa elfu mbili, nikateremka Kariakoo.

Duka si kibanda, naomba mlielewe hilo. Lina kaunta ya kioo, mashine ya risiti ya EFD iko juu ya meza, na muuzaji ni mtu mzima wa miwani, shati kachomekea. "Karibu mwanangu, kaa kwanza." Nikapewa stuli. Nikamwambia nataka 20W50 ya pikipiki, lita moja, nikamtajia chapa ninayotumia. Hakukimbilia kuuza. Aliinama chini ya kaunta akatoa chupa mbili, akazipanga mbele yangu.

"Hii ya kushoto feki. Kuna mteja wangu kapigwa nayo mtaa wa pili, kaja kunililia hapa. Hebu itazame." Nikaitazama. Lebo imekaa upande, maandishi yamefifia, pete ya mfuniko inacheza. Akanishika mkono kabisa akanipitisha kidole kwenye ile pete. "Umeona? Sasa shika hii." Ya kulia imenyooka, inang'aa, pete imekaza. Akaitikisa karibu na sikio langu eti nisikie uzito wake. Mimi natikisa kichwa kama mtoto wa chekechea.

Halafu akaniuliza: "Unajua klachi ya pikipiki yako inaogea oili hiyohiyo ya injini?" Najua. "Basi usije ukaweka oili ya gari hata siku moja, klachi inaweza kuteleza. Tafuta palipoandikwa JASO MA, ndiyo alama ya oili ya pikipiki." Akaniwekea kidole juu ya maandishi hayo.

Wakuu, yote aliyosema ni kweli! Hakuna hata neno moja la uongo kwenye lile somo. Mnaotaka kuniuliza "hukushtuka?", nishtuke nini? Bei aliniambia 13,000, sheli ni 15,000. Angeniambia 6,000 ningekimbia. Nikachukua na cheni, spoketi zake mbili na plagi, jumla 58,000. (Cheni sina neno nayo hadi leo, kusema haki.) Kwenye risiti akasema mtandao umekata, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Sikujali, mtu kanipa stuli na elimu bure!

Naondoka, ananiita. "Mwanangu, chupa tupu za oili unazo nyumbani? Usitupe. Niletee na vifuniko vyake, kila moja nakupa mia tano. Kuna mama namsaidia, anawekea mafuta ya taa." Nikaona huyu mzee ana utu.

Jumapili nikawasha injini ikapata moto kidogo, nikamwaga oili ya zamani, nikafunga nati kwa wosha mpya. Nikafungua ile chupa. Oili ikateremka kwenye faneli kama chai ya rangi. Nilisimama nikaiangalia. Nikajiambia ni joto la Dar.

Jumanne nikapeleka chupa nne. Akanihesabia 2,000 yangu.

Jumatano jioni, kilima cha Kimara, nimempakia shemeji. Navuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Nyuma daladala inapiga honi, konda ananitukana, shemeji kashuka anatembea kwa mguu na mkoba wake kichwani. Kijana wa bodaboda akapita akasema, "Mzee, klachi hiyo."

Fundi alipofungua, pleti zimeungua, harufu imejaa kijiwe kizima. Akachota ile oili kiganjani, akaisugua kwa vidole viwili. "Hii oili chafu. Imechujwa tu." Pleti na ufundi 45,000. Aliniuliza nani kamwaga oili, nikanyamaza.

Jana nikarudi dukani. Mzee wa miwani hakunikaribisha kwenye stuli. Akauliza kwa sauti, wateja wamejaa: "Fundi wako nani?" Nikasema mimi mwenyewe. "Mnawaona mafundi wa YouTube!" Duka zima likacheka, na mimi nikatoka nimeinamisha kichwa na chupa yangu ndani ya mfuko wa nailoni.

Huyu mtu anyweshwe oili yake, kikombe baada ya kikombe, kisha apelekwe Keko akawafundishe wafungwa kutambua feki. Nimeambiwa wanaoshughulika na bidhaa bandia ni FCC, Tume ya Ushindani, nitakwenda Jumatatu na hicho kikaratasi changu cha daftari. Jina la duka halikuandikwa popote, ndiyo hasira yenyewe.

Kwa hiyo: anayetaka kununua chupa zako tupu na vifuniko, mkimbie. Kasome tena hapo juu kuhusu mtandao kukata. Oili ikimiminika kama chai, isimamishe hapohapo. Na chupa zenu zikiisha zitobolewe au zikatwe kisu kabla ya kutupwa.

La mwisho linaniuma kuliko 45,000. Mimi nikimaliza kumwaga oili huandika kilomita chini ya chupa kwa kalamu ya marka. Zile nne nilizompelekea zina 38,400, 40,400, 42,400 na 44,400. Ukinunua oili, geuza chupa. Ukikuta mojawapo ya namba hizo usiimimine, hiyo ni yangu, na samahani.