TAHADHARI: Fundi wa majiko anayezunguka Kansanga hadi Bunga, msimfungulie mlango

Ndugu zangu wa Kansanga, Kabalagala, Bunga na huko kote Ggaba Road, hasa sisi tunaopika biashara majumbani: kuna fundi wa majiko ya gesi na umeme anazunguka na boda, begi jeusi mgongoni, koti lenye beji ya kampuni ya majiko kifuani. Kanila shilingi 380,000. Hilo la pesa ningelinyamazia kwa aibu yangu, maana si mara ya kwanza kuingizwa mjini hapa Kampala. Kinachonifanya niandike ni kwamba aliniachia jiko linalomwaga gesi kimya kimya moto ukizimika, na mwanangu wa miaka miwili hucheza sakafuni humo humo jikoni.

Nianze mwanzo. Jiko langu ni lile wengi wetu tunalo, bana tatu za gesi, pleti moja ya umeme, na oveni ya umeme chini. Wiki mbili kabla ya Idi likaanza vituko viwili kwa pamoja. Bana kubwa ilikuwa inawaka nikibonyeza swichi, nikiachia tu, tak, inazima. Na keki zikawa zinatoka juu nyekundu kama tofali, chini mbichi hadi zinashika kidole. Nilikuwa na oda ya sambusa mia tatu na keki sita. Unajua mtu mwenye oda anavyofikiri: hafikiri. Nikachukua namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima karibu na duka, nikapiga.

Alikuja ndani ya nusu saa. Adabu nyingi, "nnyabo" (bibie, kwa Kiganda) kila neno la pili, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Akawasha bana, ikazima. Akafungua oveni, akamulika na tochi ya simu, akanusa kama anayenusa mchuzi. Kisha akatikisa kichwa: "Nnyabo, hapa sistemu ya gesi imekufa, na themostati imeungua." Yaani kile kifaa kinachopima na kudhibiti joto la oveni. Nikauliza imeunguaje. Akaniambia tangu kampuni ya Umeme iondoke na UEDCL ya serikali kushika usambazaji wa stima, Aprili 2025, volti hazieleweki, majiko ya watu yanaungua Kampala nzima. Nikakubali! Friji yangu iko pale pale kwenye ukuta huo huo, haijawahi hata kukohoa, taa hazijapasuka hata moja, na mie nikakubali. Ndivyo tapeli alivyo, huchukua jambo la kweli ambalo kila mtu analijua akalishonea uongo wake.

Tazameni hapa, kwa sababu ndipo penye alama ya kumtambua: katika muda wote huo hakutoa kipimo chochote begini. Hakupima kitu. Alitazama, akahukumu.

Bei ikawa 380,000 kwa vyote, nusu na kidogo itangulie kwa ajili ya spea. Nikamtumia 200,000 kwa simu. Akafungua koki ya ile bana kubwa na themostati ya oveni, akavitia mfukoni, eti anakwenda navyo mjini kama sampo asije akauziwa visivyofanana. Siku tatu simu inaita haipokelewi. Siku ya nne akarudi na tabasamu, akafunga, akawasha. Bana ikashika palepale, bila hata kushikilia swichi. Nikafurahi, nikamwongezea chai na mahamri. Oveni akaiwasha, tukaona koili ya juu, ule waya unaotoa joto, imekuwa nyekundu, joto likatoka, akasema ile ya chini "inachelewa kidogo kwa sababu spea ni mpya". Nikamlipa 180,000 zilizobaki. Akanipa karatasi ya waranti ya miezi sita yenye muhuri mzuri kweli. Mji wenye Nasser Road, mtaa wa wachapishaji ambako hati na mihuri ya bandia hutengenezwa, mtu ukimwona na muhuri usimwogope.

Jioni hiyo keki ya kwanza ikatoka juu mkaa, chini uji. Nilikuwa nimeweka digrii 180 kama siku zote. Nikapiga simu: haipatikani.

Lakini hiyo bado si shida. Siku ya pili nilikuwa na sufuria ya maharage kwenye ile bana kubwa, nikatoka kupokea unga getini. Kumbe maharage yamefurika yakazima moto. Zamani jiko langu likizimika hivyo nilikuwa nasikia mlio mdogo ndani, tak, sekunde chache baada ya moto kufa, na gesi inajifunga yenyewe. Safari hii hakuna mlio. Nilivyorudi nikakutana na harufu mlangoni, ile ya yai viza, na mtoto amekaa sakafuni anapanga vifuniko vya sufuria. Nikamnyakua, nikamtoa nje, nikarudi nikafunga mtungi, nikafungua mlango wa nyuma na madirisha. Swichi ya taa sikuigusa, namshukuru Mungu kwa hilo, maana mkono ulikuwa umeshainuka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hushuka ikatanda chini kama maji. Kwa hiyo aliyekuwa ndani yake hasa ni yule mtoto, mie mtu mzima pua yangu iko juu.

Jirani yangu akanipa mzee mmoja fundi wa Katwe. Huyu hakuja na koti. Alikuja na mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwa raba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa plagi na kufunga mtungi. Akatoa mfuniko wa nyuma wa oveni, akaweka nyaya za mita kwenye koili ya juu: ikasoma omu 52, kipimo cha ukinzani wa waya. Akaniita nione. Akasema umeme wetu ni volti 240, na koili ya wati elfu moja na mia moja hivi inatakiwa isome hapo hapo, hiyo ni nzima. Akahamia ya chini: mita haikusoma kitu, kama vile hujagusa. Imekatika ndani. Yaani tatizo la keki zangu tangu siku ya kwanza lilikuwa koili moja ya chini, na yule bwana hakuigusa kabisa. Themostati aliyonifungia yeye ilikuwa kuukuu ya jiko jingine, hata kijiti chake cha kupimia joto hakikufika ndani ya oveni, kilikuwa kimekunjwa nyuma ya bati. Ndiyo maana oveni ilikuwa haijui imefika wapi, inachoma tu. Yangu nzima imekwenda kuuzwa kwa mwingine, na pengine huyo mwingine ni mmoja wenu.

Kisha akafungua upande wa gesi. Hapa naomba mnisome taratibu.

Kwenye bana zenye usalama kuna kijiti kidogo cha chuma kinachochungulia pembeni ya moto. Mafundi wanakiita themokapo. (Kijiti kingine, chenye kichwa cheupe cha kauri, ni cha kutoa cheche, msivichanganye.) Themokapo ikipata moto inazalisha umeme kidogo mno, kama milivolti ishirini au thelathini, na umeme huo unashika sumaku ndani ya koki ili gesi iendelee kupita. Ndiyo sababu unatakiwa kubonyeza na kushikilia swichi sekunde kadhaa wakati wa kuwasha, unaisubiri ipate joto. Moto ukizimika kijiti kinapoa, sumaku inaachia, tak, gesi imekatwa. Ule mlio ndio mlinzi wako.

Mzee alikuta themokapo yangu inaning'inia nyuma, haikuungwa popote. Akaiunga kwenye mita, akaipasha ncha kwa kiberiti cha gesi, tukatazama namba ikipanda hadi ikavuka ishirini. Nzima! Ilikuwa imepakwa tu mafuta ya sambusa na masizi, ilihitaji kusuguliwa na msasa laini, kazi ya dakika tano. Lakini koki niliyorudishiwa haikuwa na sumaku ndani. Imetolewa, na njia ya gesi imeachwa wazi moja kwa moja. Ndiyo maana bana "ilipona" bila kushikilia swichi. Mie nikamnywesha chai kwa furaha.

Kwa hiyo, bana yako ikiwa zamani ulikuwa unashikilia swichi halafu fundi akaondoka na sasa inawaka papo hapo, usishangilie. Washa, iache dakika mbili, izime kwa kufunga mtungi, halafu tega sikio. Bana yenye usalama itatoa mlio ndani ya nusu dakika au dakika moja. Kimya kikiendelea, acha mtungi umefungwa na utafute fundi mwingine. Yapo majiko ambayo hayakuwekewa kifaa hiki tangu kiwandani, hasa ya bei ndogo, hayo hayana hicho kijiti pembeni ya moto na hayahusiki na ninalosema.

Nilipokwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, akaniambia mie ni wa tatu. Wa pili ni dada mmoja Mkongo wa Bukavu, anakaa nyumba ya chini yetu, nikaenda kumsikiliza. Yeye jiko lake alinunua kuukuu, lililoletwa kutoka Ulaya. Moto wake ulikuwa wa njano, mrefu, sufuria zote nyeusi tii. Bwana yule akamwambia gesi ya siku hizi ni chafu na regulata yake, kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi, imechoka, akamuuzia nyingine kwa 120,000. Mzee wangu wa Katwe alipoiona alishika kichwa. Ni ile ya kuzungusha, ya presha kubwa, wanayofungia majiko makubwa ya hotelini. Jiko la nyumbani linataka ndogo ya kawaida, ya milibari 28 hadi 30, haina cha kuzungusha. Dada anasema alipowasha moto ulifika kwenye kabati ya juu.

Na ugonjwa wenyewe? Nozeli, ile sehemu yenye tundu la kutolea gesi kwenye bana. Huko Ulaya nyumba nyingi zinapikia gesi ya bomba, ambayo haifanani na yetu, na jiko lake linakuja na nozeli za tundu kubwa. Sisi Uganda nzima tunapikia ya mtungi, inayotaka tundu dogo. Ukitoa kichwa cha bana ukachungulia chini utaiona nozeli ya shaba na namba ya ukubwa wa tundu imegongwa juu yake. Ya bana kubwa ya dada ilikuwa 115. Mzee akaweka 85, na za bana nyingine akazipunguza vilevile. Moto ukarudi buluu, mfupi, unanguruma kidogo. Nozeli zote nne na kazi yake hazikufika 50,000. Ukinunua jiko la namna hiyo, mwombe muuzaji aliwashe mbele yako kwa mtungi, sufuria juu. Ukipelekewa limefungwa nailoni unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa mambo ninayoyafanya mie, na mzee mwenyewe amekubaliana nayo. Kifaa hakitoki nyumbani kwangu kwenda "kufananishwa": apige picha, aandike namba iliyogongwa, abebe hizo. Kilichotolewa kinabaki kwangu, hata kama kimekufa, hata kama anasema ni uchafu. Akisema koili imeungua, aniwekee mita nione isiyosoma. Themokapo akisema imekufa, kwanza tuisugue, tuipashe, tuone. Na kabla hajaondoka anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi alichogusa, tunatazama kama kuna mapovu yanakua. Yule wa kwanza alipitisha njiti ya kiberiti inayowaka kwenye mpira wa gesi akaniambia "unaona, haivuji". Hiyo peke yake ilitosha kumtoa nje, sema sikujua.

Mkiuliza gharama ya ukweli ilikuwa kiasi gani: koili ya chini 45,000, kazi 40,000. Hapo ndipo ingeishia. Lakini kwa sababu ya kuibiwa nikaongeza themostati 70,000.

Polisi nimeandikisha. Namba niliyotumia pesa imesajiliwa kwa jina la mwanamke ambaye hajulikani mtaani, na ile iliyobandikwa kwenye nguzo imeshabanduliwa, ila juzi nimeona nyingine yenye mwandiko ule ule upande wa Bunga. Mwenyekiti anataka walioliwa tufike pamoja. Kama ulikuwa mmoja wao, au kama kuna fundi amekufungia themostati "mpya" isiyokuja na boksi siku hizi za karibuni, njoo na karatasi yako ya waranti tulinganishe mihuri.

Oda nilipeleka, keki nne badala ya sita, mbili niliomba oveni ya jirani. Bana kubwa mzee ameiziba kabisa hadi koki yenye sumaku inayofanana ipatikane, Katwe bado wanaitafuta. Sambusa nakaangia nje kwenye jiko la mkaa.