Nilinunua mayai "freshi kutoka shambani", nikajibiwa kama mwizi

Sijawahi kuandika malalamiko kuhusu mayai, lakini hili limenikaa kooni tangu siku ile.

Mama alikuwa ametoka kuugua na hamu ya chakula hana. Kitu pekee alichokubali ni yai, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Niliyapita mayai ya kawaida, nikachukua trei ya bei karibu mara mbili kwa sababu ya kibandiko chake: "Freshi kutoka shambani. Bila homoni. Kiini cha dhahabu, lishe zaidi. Makubwa." Maganda ya kahawia, masafi, yanapendeza.

Nyumbani nikavunja la kwanza kwenye sahani. Ute ukatawanyika kama maji mpaka ukingoni na kiini kikalala bapa. Nilipokigusa kwa ncha ya uma, kikapasuka. Yai lililotagwa juzi halifanyi hivyo: ute wake mzito hukizunguka kiini, nacho huinuka kama kilima kidogo. La pili, vilevile. Nikajaza bakuli maji nikatumbukiza mengine sita. Mawili yalilala chini, matatu yakasimama wima, moja likaelea. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno. Siku zinavyopita unyevu hutoka, hewa huingia, na kile kifuko cha hewa upande butu hutanuka mpaka yai linanyanyuka majini. Kuelea hakumaanishi ni viza, uviza utaujua kwa pua ukilivunja, na haya hayakunuka. Yalikuwa yamekaa sana tu. Sasa ndiyo freshi hiyo?

Nikageuza trei kutafuta tarehe. Ya kufungashwa ipo. Ya kutagwa haipo.

Kesho yake nikayarudisha. Nilimwuliza kijana wa kaunta kwa upole kabisa: kaka, haya yametagwa lini? Hakuinua macho kwenye simu yake. "Dada, ulitaka kuku akuandikie tarehe mwenyewe?" Wenzake wawili wakaangua kicheko. Nikamwambia nimelipa zaidi kwa sababu ya maneno haya hapa. "Yai ni yai. Usipotaka wewe, atachukua mwenye akili." Akaisukuma trei kwa kiganja, kwa nguvu, moja likapata ufa na ute ukanichuruzikia mkono wa gauni. Samahani sikuisikia. Hata kitambaa hakunipa.

Nimjibu hapa, maana pale sauti ilinikauka. Kuku haandiki, watu ndio huandika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tarehe ya mwisho inayowekwa kwenye mayai haivuki siku 28 tangu kutagwa, na yai lenyewe lina muhuri ambao tarakimu yake ya kwanza inataja ufugaji: 0 ni wa kilimo hai, 1 kuku wanaotoka nje, 2 wa ndani ya banda bila vizimba, 3 wa vizimbani. Swali langu lina jibu, na kuna wanaolitoa kila siku bila kuulizwa.

Hasira ikanifanya nikipitie kibandiko chote neno kwa neno. Bila homoni? Marekani imepiga marufuku homoni kwa kuku tangu miaka ya 1950, kwa hiyo huko anayejisifia hilo anajisifia kutii sheria. Kiini cha dhahabu? Rangi hiyo hutoka kwenye chakula cha kuku, mahindi ya njano au hata dondoo ya pilipili. Peke yake haithibitishi lishe. Ukahawia wa ganda ni wa aina ya kuku. Na hayo "makubwa" niliyaweka kwenye mizani ya jikoni: moja gramu 61, jirani yake gramu 47. Nililipia neno.

Lakini nisiseme uongo. Yaliyobaki niliyachemsha mpaka kiini kikaiva kabisa, maana mtu aliyetoka kuugua simpi yai bichibichi. Yalimenyeka vizuri sana, kama yamenyekavyo mayai yaliyokaa. Yale mapya kabisa hung'ang'ania ganda. Mama akala mawili. Protini ya gramu sita hivi kwa yai ni ileile. Nilikuwa nimeanza kuandika nyota tatu, kwamba mayai yenyewe hayana kosa, kosa ni maandishi.

Kisha nikakumbuka kile kicheko. Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya kuku.

Siku hizi nachukua ya kawaida kwa mama mmoja anayeniacha nilielekeze yai kwenye mwanga nilitazame, na akiulizwa hutaja siku yalipomfikia. Juzi nilipofika alinizuia mwenyewe: "Mwanangu, haya yamekaa. Njoo kesho." Nikaenda kesho yake.